Kaa Aliyeyaonea Haya Maji Yake

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Kaa?

— Na gando lake!

Maji?

— Na mwenyewe!

Haya. Aliyebeba mtoto amlaze mapajani. Aliyeshika kazi aiweke chini.

Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa na masikio na mito ilipokuwa na majirani, aliishi Kaa. Si kaa wa baharini, la. Kaa wa mtoni, wa maji yasiyo na chumvi. Alikuwa na kidimbwi chake cha mawe kando ya mto, chini ya mkuyu.

Mkuyu uliangusha majani. Majani yakalala ndani ya maji. Yakalala, yakalala, mpaka maji yakawa na rangi ya chai ya rangi. Mawe yaliota ukoga wa kijani, ukikanyaga unateleza, serere! Na chini kabisa kulijaa makombe meupe ya konokono waliokufa tangu enzi za bibi yake Kaa. Kaa alizaliwa akayakuta, akayaacha hapo hapo.

Kaa alikuwa na moyo mzuri. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: aliogopa kusemwa. Akianguka, kabla hajajitazama kama ameumia, alitazama kwanza kama kuna aliyemwona.

Siku moja jani likaja likielea kutoka juu ya mto. Limejikunja kama kiganja. Ndani ya jani mna maji kidogo, na ndani ya maji mna Uduvi. Mnamjua Uduvi? Mdogo kuliko kidole chako cha mwisho. Ndevu ndefu kuliko mwili. Na mwili wenyewe ukiutazama, unaona hadi upande wa pili. Jani likakwama, kwap, kwenye kishimo cha jiwe mlangoni kwa Kaa.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu! Nani mwenzangu?"

"Mimi ni Uduvi wa huko juu, dada. Nimekimbia. Watu wameoshea vyombo vya mrututu mtoni kwetu, ile dawa ya buluu wanayonyunyizia miti. Kidogo tu, dada, kidogo hata jicho halikuona. Mama akalala. Dada zangu wakalala. Hakuna aliyeamka."

Kaa akajishika kifua. "Pole! Pole sana, mdogo wangu! Ingia ndani. Unasimamaje mlangoni kama mtu asiye na kwao?"

"Nitaingia. Lakini niache kwanza hapa kishimoni. Maji yako nipe tone kwa tone, yachanganyike na haya niliyokuja nayo. Mwili wangu hauna mlango, dada. Maji yakigeuka ghafla, na mimi hugeuka nayo."

Kaa hakupenda. Mgeni kuketi kizingitini! Watu wakipita watasema nini? Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mtu. Basi akachovya gando lake kidimbwini, akaliinua juu ya kishimo.

Tone... tone... tone.

Jua lilikuwa upande huu wa mkuyu. Likaenda mpaka upande ule. Tone... tone... tone. Gando likamuuma Kaa, hakulishusha. Ndipo Uduvi akaonja, akatikisa ndevu, akaingia ndani taratibu.

"Aa, dada," akasema. "Maji haya ni mazee. Yamekwisha kugombana na kila kitu, sasa yametulia."

Kaa akacheka kwa haya. Moyoni akasema, "Mtoto huyu ana adabu. Ameona uchafu wangu, ameufunika kwa maneno mazuri."

Wanangu, mmesikia? Mgeni alisema kweli. Mwenyeji akasikia adabu.

Wakaishi. Kila alfajiri Uduvi alipanda juu ya mawe akala ule ukoga. Mikono yake midogo ikienda mdomoni, huu, huu, huu, huu, kama mama anayeonja mboga jikoni. Akashuka kwenye majani yaliyooza, akayachokonoa mpaka yakabaki mishipa mitupu. Akipita kwenye makombe meupe, aliyalamba kidogo.

"Acha hayo jamani," Kaa alikuwa akimwambia. "Ngoja nikutafutie chakula cha mgeni."

"Ndicho hiki, dada."

Na Kaa moyoni: "Adabu tu."

Siku zikapita, mimba aliyokimbia nayo kutoka kwao ikakomaa, Uduvi akawa na mayai. Aliyabeba chini ya tumbo, mengi, ya kijani, kama mbegu za mchicha. Mchana kutwa aliyapepea kwa miguu yake ya chini. Pepe, pepe, pepe.

"Huchoki?" Kaa akamuuliza.

"Yasipopita maji yanaoza. Dada, ukoo wangu wote uko hapa tumboni. Kule juu hakuna aliyebaki."

Kaa akaenda pembeni akafuta macho. Toka siku ile, Uduvi akilala, Kaa alisimama mbele yake kumkinga na mkondo. Hakumwambia. Uduvi naye alijua, wala hakusema.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja akapita Bata. Kwe, kwe, kwe! Bata alikuwa amekwisha kula, msiogope. Alikuja kwa maneno tu.

"Shoga yangu Kaa! Hujambo? Nasikia una mgeni, na mgeni ni mja mzito!"

"Sijambo. Ni kweli, amelala kwenye mizizi."

Bata akainamisha shingo. Akatazama kidimbwi. Akatazama tena. "Mwenzangu! Haya ni maji, au umepika uji wa ulezi?"

Kaa akanywea.

"Mimi sisemi kitu," akasema Bata. "Nani asiyejua kazi za nyumbani zilivyo nyingi? Ila jua likiinama nitakuja na wenzangu kumtazama mgeni. Na wenzangu, shoga, macho yao hayana pazia." Akaenda zake. Kwe, kwe, kwe.

Kaa akabaki amesimama. Akayatazama maji yake kwa macho ya Bata. Hakuona tena kidimbwi cha bibi yake, aliona uji wa ulezi tu. Akaona utelezi. Akaona takataka. Uso ukamwaka. "Nimemweka mja mzito kwenye maji haya! Nimekosa hata ustaarabu wa kufagia!"

Na kwao, mgeni anapokuja kutazamwa, mwenyeji husugua mtungi, humwaga maji ya zamani, huteka maji mapya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Basi Kaa akajifunga kibwebwe.

Akatoa majani, akayatupa ukingoni. Chwa! Akatoa makombe meupe, akayatupa juu ya majani. Chwa! Akauvuta mwamba mdogo uliozuia tundu la chini, maji ya kahawia yakashuka na kutuama kwenye shimo la nyuma ya kidimbwi. Korokoro, korokoro. Akasugua mawe, kwachu, kwachu, huku anaimba:

*Sugua, gando, sugua,*
*mawe yang'ae kama jua,*
*Bata akija kutua*
*asipate la kuchukua.*

Aliposogelea mizizi, alisugua kimya kimya asimwamshe mgeni. Alimwachia maji kidogo tu ya kulalia. Ndivyo alivyompenda.

Kisha akaziba tundu la chini. Akapanda juu, akasukuma jiwe lililofunga njia ya chemchemi. Jiwe likabiringika, gudu, gudu, gudu, likatumbukia mtoni. Na maji ya chemchemi yakaingia. Maji meupe. Maji mapya. Maji ya baridi ya kukata jino. Shaaaa!

Kidimbwi kikajaa. Kikang'aa. Ungedondosha sindano ungeiona chini. Kaa akashika kiuno, akacheka peke yake. "Na waje sasa!"

Mizizi ikatikisika.

Uduvi akatoka kama aliyechomwa. Akaruka huku. Akaruka kule. Akagonga jiwe, ta! Akagonga jiwe, ta! Akajikunja, akajikunjua. Halafu akaanguka chini, na Kaa akaona Uduvi wawili.

Mmoja alikuwa amelala ubavu, laini, anatetemeka.

Wa pili alikuwa mtupu. Alikuwa gamba. Uduvi alikuwa amejivua gamba lake kabla ya wakati wake, kwa mshtuko wa maji. Na chini ya tumbo la lile gamba tupu, yote, ya kijani, kama mbegu za mchicha, yalikuwa mayai.

Kaa aliyatazama. Alirudi nyuma, kiupande, kiupande, mpaka shimoni mwake, akajisukuma ndani mpaka mwisho wa shimo. Huko akafunika macho kwa magando yake. Magando yale yale. Yalinukia usafi.

Aibu, wanangu, ni kitu kizito. Ile ya asubuhi, ya Bata, ilikuwa imemkaa usoni tu. Hii ilimkaa mgongoni. Akakumbuka: "Maji yakigeuka ghafla, na mimi hugeuka nayo." Aliambiwa. Aliambiwa mlangoni, siku ya kwanza, kwa Kiswahili chepesi. Akakumbuka, "Ndicho hiki, dada." Aliambiwa tena. Kumbe kila siku alikuwa anaambiwa, na yeye anasikia adabu!

"Dada Kaa," sauti ikaita.

Kaa akajikunyata.

"Dada Kaa, najua upo. Naona mapovu yako."

Kaa akaziba mdomo. Mapovu yakatokea pembeni.

"Sikuiti nikugombeze. Nakuita kwa kuwa una mikono. Mimi nimekuwa laini kama utando wa maziwa, siwezi kusimama. Mayai hayapati maji. Njoo uyapepee."

"Mikono yangu?" Kaa akasema kutoka gizani. "Hii iliyo..."

"Hiyo hiyo. Hakuna mingine."

Kaa akatoka. Hakuweza kumtazama Uduvi usoni, akatazama ndevu zake. Akasogeza gando karibu na lile gamba lenye mayai. Gando lilikuwa kubwa. Akapepea. Pepe.

"Taratibu zaidi," akasema Uduvi.

Pepe... pepe... pepe.

"Hivyo hivyo. Sasa, dada, yale makombe meupe yako wapi? Bila hayo gamba jipya haliwi gumu. Na majani? Na maji yangu mazee?"

Maji yalikuwako, kule kwenye shimo la nyuma. Lakini makombe na majani yalikuwa nje ukingoni, juani, kwenye njia ya wapitao. Kaa akatoka mbio. Akayazoa. Akajaza magando, akajaza mgongo. Majani yaliyooza yakamning'inia machoni. Na hapo hapo, kwe, kwe, kwe! Bata na wenzake.

Bata akasimama. "Shoga! Asubuhi nimesikia unatoa takataka. Jua linainama, unazirudisha ndani?"

Wenzake wakacheka, kwe kwe kwe kwe!

"Au ndizo mahari?" akasema mmoja.

"Hapana, ndicho chakula cha jioni!" akasema mwingine.

Kaa akasimama na uchafu wake mgongoni. Kila jicho liko juu yake. Hili ndilo aliloliogopa maisha yake yote, sasa limefika, na limefika na wenzake.

Kutoka ndani sauti ndogo ikasema, sauti ya mgonjwa, "Msimcheke dada, jamani. Mimi ndiye niliyemtuma. Sisi waja wazito tuna visa. Leo tunataka hiki, kesho kile."

Wenzake Bata wakaguna, "Ee, hilo kweli, mimba ina mambo." Na jambo lingeishia hapo. Kaa angepita, angeingia ndani, na hakuna ambaye angejua hata leo.

Lakini Kaa hakusogea. Yule ambaye Kaa alimkosea ndiye anayemfunika! Kaa akafungua kinywa, yakatoka mapovu. Akafungua tena, mapovu. Mara ya tatu ndipo neno likapita.

"Hapana," akasema. "Mgeni ananisitiri. Ni mimi. Maji yale yalikuwa yanamlea, na mimi niliyaonea haya. Nikayamwaga ili ninyi mnisifu. Mayai yake yametoka. Huo ndio usafi wangu. Sasa nipisheni, cheko mtanicheka baadaye, mayai yanataka kupepewa."

Akapita katikati yao na majani machoni.

Nje bata wakatazamana. Hakuna kwe.

Ndani, Kaa akaweka makombe karibu na Uduvi. Akaweka majani. Akapepea. Lakini maji ya chemchemi yalikuwa bado yanaingia, shaaaa, na jiwe la kuziba lilikuwa limekwenda na mto. Kaa akaziba kwa tope, maji yakalichukua. Akaziba kwa nyasi, maji yakazichukua. Na kila anapoenda kuziba, mayai yanakosa wa kuyapepea. Akarudi, akapepea. Akaenda, akaziba. Mwisho hakujua aende wapi.

Mara ile shaaaa ikakoma.

Kaa akatazama juu. Bata alikuwa ameketi katika njia ya chemchemi. Kifua chake kipana, mgongo kwa kidimbwi, maji ya baridi yanampiga na kumzunguka kwenda mtoni. Hakusema kitu. Yeye Bata, hakusema kitu! Alitazama mbele tu, kama mtu aliyepita akaamua kupumzika.

Basi Kaa akachota maji ya kahawia kutoka shimo la nyuma. Akachota kombe zima, akaliinua amwage.

"Pole pole, dada," akasema Uduvi. "Haraka ndiyo iliyonivua."

Kaa akashusha kombe. Akalitoboa kwa ncha ya gando, kitobo kidogo, akalitundika kwenye mzizi.

Tone... tone... tone.

Kombe likiisha, akalijaza. Gando moja linajaza, gando moja linapepea. Akawa anaimba kwa sauti ya chini:

*Pepea, gando, pepea,*
*pole pole, usije kosea,*
*kilichopotea kimepotea,*
*kilichobaki nakilea.*

Siku zikaja, siku zikaenda. Gando likachoka, akalipumzisha, akatumia la pili. Wenzake Bata wakaja kwa zamu kuketi kwenye chemchemi, mpaka tope alilolipanga Kaa nyuma yao lilipokauka na kuwa ukuta. Maji yakarudi kahawia, kidogo kidogo, hata hukuweza kusema ni lini. Ukoga ukaota tena kwenye mawe. Uduvi akalamba makombe, gamba lake jipya likawa gumu, akasimama.

Lakini si mayai yote yaliyopona. Mengine yaligeuka meupe, yakaota ukungu kama pamba. Kaa aliyatoa moja moja kwa ncha ya gando ili yasiyaozeshe mengine. Kila alipotoa, Uduvi alitazama. Hakusema neno. Na hilo la kutosema neno, Kaa angelibadilisha kwa matusi ya Bata ya mwaka mzima.

Asubuhi moja, ndani ya mayai yaliyobaki, kulikuwa na macho. Nukta mbili, nukta mbili. Halafu, pwi! Mtoto mmoja. Pwi! Mwingine. Wadogo kama alama ya kalamu, kila mmoja na ndevu zake. Wakapanda juu ya mawe, wakaanza kula ukoga, huu, huu, huu.

Kaa akarudi nyuma kiupande. Alitaka kurudi shimoni. Nani anataka kuonwa na watoto aliowamwaga?

"Watoto," Uduvi akaita, "njooni mwamkie. Huyu ni mama yenu mkubwa. Ndiye aliyewapepea."

"Shikamoo, mama mkubwa!"

Mapovu yakamtoka Kaa. "Waambie na lile jingine," akanong'ona.

"Nitawaambia wakikua," akasema Uduvi. "Lakini la kwanza walijue hili."

Kaa akainama. Hakuitikia "marahaba" mpaka watoto waliporudia mara ya pili.

Mpaka leo, ukipita kando ya mto, utamwona Kaa mlangoni mwake, mapovu mdomoni, gando linakwenda juu na chini, juu na chini. Usidhani anakuita, wala usidhani anakutisha. Anapepea. Wale watoto walikwisha kukua, wakazaa, wakajaza mto. Yeye bado anapepea.

Basi wanangu, na ninyi mama zao, mafunzo ni haya: kabla hujampa mgeni kinachokupendeza wewe, muulize kinachomweka hai, na akikujibu, msadiki. Kitu kilicholea usikionee haya mbele ya wapita njia. Na ukimkosea mwenzio, usikae shimoni na aibu yako. Toka nayo, ikupe kazi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aichukue nyumbani, ila asiinywe yote kwa mkupuo. Tone... tone... tone.